Programu inasema faida dola 870, akaunti imepungua dola 335. Nimhame dalali?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Houston mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi ghalani, naingia saa tisa alasiri na kutoka saa tano usiku. Asubuhi ndiyo saa zangu mwenyewe. Ikifika saa mbili na nusu, soko la hisa la New York linapofungua, mimi niko mezani na kahawa yangu, natredi fyucha za Chicago (mikataba ya kununua au kuuza kwa tarehe ya mbele), zile ndogo za Micro E-mini S&P 500, maikro kwa kifupi, zinazofuata kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Naingia na mikataba miwili kila mara, naendelea mpaka saa tano. Akaunti ina dola 6,000 na kidogo.

Mwezi uliopita nilifurahi sana. Programu ilinionyesha faida ya dola 870 kwa siku 20 za soko. Nikamwambia mke wangu kwamba safari hii tutamtumia mama hela ya bati kule Muheza. Taarifa ya mwezi ilipokuja, salio halikuongezeka. Lilikuwa limepungua dola 335. Nilipiga simu nikiamini wamekosea. Kijana aliyepokea akanisomea mstari mmoja mmoja kwa upole, na kila mstari ulikuwa sahihi.

Makato yangu kwa kila mkataba, kila upande (kuingia ni upande mmoja, kutoka ni mwingine), ni haya: kamisheni senti 50, ada ya soko senti 35, njia ya kupeleka oda sokoni senti 10, na senti 2 za NFA, wasimamizi wa madalali. Juu yake kuna dola 29 kwa mwezi za programu na dola 12 za bei za moja kwa moja. Kwa wastani naingia na kutoka mara 15 kwa siku.

Sasa nimeona tangazo la dalali mwingine: kamisheni senti 9 tu! Nilisoma masharti ya chini kama unavyotusisitizia. Mpango huo unalipiwa dola 99 kila mwezi, programu ikiwa ndani yake, na ada yao ya njia ya oda na ukamilishaji ni senti 20 kwa upande. Bei za moja kwa moja ni zile zile dola 12.

Rafiki yangu mmoja ananishauri niachane na maikro nihamie mini kamili, eti ada yake ni nafuu ukilinganisha. Mwingine ananiambia nikodi kiti cha uanachama Chicago ili nilipe ada ndogo ya soko. Mke wangu yeye anasema kazi yangu ya asubuhi inakula kazi yangu ya jioni, na sina cha kumjibu.

Je, nihame? Na kodi je, nitatozwa kwa zile dola 870 ambazo sikuziona? Nimekuambatishia taarifa ya mwezi mzima na orodha ya oda zangu za Jumanne moja.

Wa Ghalani, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Nimekaa na karatasi zako jioni nzima, kalamu mkononi. Nianze na swali lako, kisha nikuonyeshe kitu nilichokiona kwenye ile Jumanne, maana hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Kuhama kutakupunguzia gharama. Hesabu yake hii hapa. Mara 15 kwa siku, mikataba miwili, siku 20, hiyo ni mikataba 600 iliyoingia na kutoka. Kwa dalali wako wa sasa kila upande unakugharimu senti 97, kwa hiyo kuingia na kutoka ni dola 1.94. Zidisha kwa 600 upate dola 1,164. Ongeza zile 41 za programu na bei, jumla ni 1,205. Toa kwenye 870 na ndipo unapoikuta hasara yako ya 335. Yule kijana wa simu alikusomea sawasawa.

Kwa dalali mpya, senti 9 za tangazo zinakuwa senti 66 ukishaweka ada ya soko, NFA na zile senti 20 zao. Kuingia na kutoka ni dola 1.32, mara 600 ni dola 792. Weka 99 za mpango na 12 za bei, jumla dola 903. Umeokoa dola 302 kwa mwezi, na hizo si hela za kudharau kwa mtu anayebeba maboksi mpaka saa tano usiku. Lakini angalia: 870 toa 903. Ungehama mwezi mmoja kabla, bado ungemaliza na hasara ya dola 33.

Ndiyo maana nakuomba tusiishie kwenye kamisheni.

Wewe ni wa Tanga, kwa hiyo utanielewa nikikupeleka Mgandini. Mtu akileta mzigo wake sokoni, kuna ushuru wa soko na kuna ujira wa dalali anayemuuzia. Ujira wa dalali mnapatana. Ushuru haujali umekuja na dalali gani, kila mwenye mzigo analipa sawa. Chicago ni vivyo hivyo. Senti 35 zako haziendi kwa dalali, zinakwenda CME, mwenye soko lenyewe. Dalali anazikusanya tu na kuzipeleka. Zile senti 2 ni za NFA, chombo kinachowasimamia madalali wa fyucha Marekani. Hata umpate dalali wa kukutolea kamisheni bure kabisa, senti 37 kwa upande zitabaki, yaani senti 74 kuingia na kutoka, kabla hujalipia njia ya oda. Tangazo la senti 9 linazungumzia ile sehemu ndogo ambayo dalali anaimiliki, tena kwa upande mmoja tu. Mfukoni mwako zinatoka zote, mara mbili.

Sasa zilinganishe gharama hizo na kitu unachokifanyia biashara. Micro E-mini ni dola 5 kwa kila pointi ya S&P 500, na bei inasogea kwa robo pointi, hatua inayoitwa tiki, kwa hiyo tiki moja ni dola 1.25. Wewe unalipa dola 1.94. Maana yake bei isogee upande wako tiki moja na nusu na zaidi ndipo uwe umerudisha ulichotoa, na kwa kuwa nusu ya tiki haipo, ni tiki mbili kamili ndipo uone senti ya kwanza. Kwa dalali mpya pia ni hivyo hivyo, tiki moja haitoshi, inapungua senti 7.

Gawa sasa 870 kwa mikataba 600. Kila mkataba ulikuingizia dola 1.45 kabla ya makato. Unauza kwa 1.45 kitu kinachokugharimu 1.94 kukiuza. Nimeiandika namba hii kwa herufi kubwa pembeni ya taarifa yako, nawe iandike ubandike juu ya kioo cha kompyuta: 1.45. Dalali yeyote utakayempima, mpime kwa hiyo.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye mstari wowote wa taarifa. Oda zako zote za Jumanne ni oda za soko, za kununua au kuuza papo hapo kwa bei iliyopo. Kwenye fyucha hii, pengo kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji mara nyingi ni tiki moja. Ukinunua kwa bei ya muuzaji na baadaye ukauza kwa bei ya mnunuzi, umeacha tiki hiyo mezani, dola 1.25 kwa mkataba. Kwa mikataba 600 hiyo ni dola 750. Imeshakatwa ndani ya zile 870, ndiyo maana huioni. Ni kubwa kuliko mara mbili ya kile utakachookoa kwa kuhama.

Usinielewe vibaya hapa. Sisemi uweke oda ya bei maalumu kila mahali ukae unasubiri. Oda ya namna hiyo ina ubaya wake: soko likikukimbilia kinyume, inajazwa mara moja, soko likienda ulikotaka, linaweza kuondoka bila wewe. Nimewahi kukaa asubuhi nzima nikiitazama bei ikipanda huku oda yangu iko tiki moja chini yake. Ila kwenye kutoka na faida, ambapo lengo lako unalijua kabla hujaingia, hakuna sababu ya kubonyeza oda ya soko. Weka bei yako, iache ikae. Oda ya kuzuia hasara ibaki kama ilivyo. Pale unataka kutoka hata kwa bei mbaya.

Sasa Jumanne yako. Nimeipigia mstari wa wino mwekundu kwenye saa tatu na nusu.

Kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu uliingia na kutoka mara 5. Faida kabla ya makato ni dola 96. Makato ya hizo 5, mikataba miwili miwili, ni dola 19.40. Saa moja ya kazi, dola 76.60 mfukoni. Nilisema moyoni, huyu mtoto anajua anachofanya.

Kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa tano uliingia na kutoka mara 17. Faida kabla ya makato ni dola 4. Makato ni dola 65.96. Kuna mahali, saa nne na dakika chache, uliingia mara nne ndani ya dakika sita, unanunua, unauza, unanunua tena pale pale ulipotoka. Bei haikwenda popote. Kwenye programu inaonekana kama siku ya kawaida ya dola 100. Mfukoni ilikuwa dola 14.64.

Siku moja haithibitishi kitu, na Jumanne ile inaweza kuwa ya bahati mbaya. Lakini nimeshika taarifa za watu wengi kwa miaka mingi na picha hii naifahamu. Mtu ana saa moja anayoiona vizuri, halafu anabaki mezani kwa sababu siku haijaisha. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo na mahindi mwaka 2012, ule wa ukame mkubwa wa majimbo ya kati, bei ilipovuka dola 8 kwa busheli. Mkataba wa mahindi wa Chicago ni busheli 5,000, robo senti tu ni dola 12.50, na siku zile robo senti ilikuwa haina hata muda wa kupumua. Nilikuwa na dalali mmoja, jina lake halitakusaidia, aliyetangaza kamisheni ya chini kuliko wote mjini. Kwenye taarifa nikakuta ada ya kupiga simu dawatini, ada ya kufungiwa mkataba na wao, ada ya kutoa hela benki. Nililalamika sana juu ya ada zile, na nilikuwa na haki. Lakini nilipokaa kuzijumlisha miezi sita, zilikuwa robo tu ya tatizo. Robo tatu ilikuwa idadi ya oda zangu mwenyewe, na kwa hiyo sikuwa na wa kumpigia simu.

Kwa hiyo kabla hujahama, fanya kwa siku zote 20 nilichofanya kwa Jumanne. Ikiwa kila siku inafanana na ile, jaribu hesabu hii: mara 5 kwa siku, mikataba miwili, siku 20, ni mikataba 200. Kwa dalali wako wa sasa, bila kuhama, makato yanakuwa dola 388, na 41 za programu na bei, jumla 429. Umeokoa dola 776 bila kujaza fomu hata moja. Na kwa mikataba 200, dalali mpya anakuwa dola 264, ongeza 99 na 12, jumla 375. Tofauti yao imeshuka mpaka dola 54. Ule mpango wa dola 99 umetengenezwa kwa mtu anayebonyeza sana, na mtu akishaulipia, kila oda inaonekana ya bure, anazidi kubonyeza. Mpango wa kulipia kila mwezi haumfai mtu anayetaka kupunguza.

Lile la mini nikujibu kwa haraka kwa sababu linanitia hofu. Rafiki yako hesabu yake ni ya kweli. E-mini ni mara kumi ya maikro, dola 50 kwa pointi, tiki dola 12.50, na ada yake ya soko si mara kumi ya senti 35, iko chini sana ya hapo. Mtu anayefanya maikro kumi kwa mpigo anapoteza hela, afadhali achukue mini moja. Wewe unafanya mbili. Pointi 10 kinyume chako, jambo ambalo S&P 500 hulifanya kabla kahawa haijapoa, ni dola 100 kwa maikro zako mbili na dola 500 kwa mini moja. Kwa akaunti ya dola 6,000, asubuhi nne mbaya na theluthi ya hela imekwenda. Hapana, mwanangu. Ada nafuu isikupandishe kwenye mzigo usioubeba.

Kukodi kiti ni kwa watu wa mikataba maelfu kwa maelfu kila mwezi. Kodi ya kiti inalipwa kila mwezi utredi usitredi. Acha.

Ukiamua kuhama bado, mwandikie dalali mpya barua pepe yenye swali moja: kwa mkataba mmoja wa Micro E-mini S&P 500, kuingia na kutoka, na ada zote za kila mtu ndani yake, nitakatwa dola ngapi? Asikujibu kwa simu, akujibu kwa maandishi. Muulize na ada za kukaa bila kutredi, za kutoa hela, na za wao kukufungia mkataba dhamana ikipungua. Kwenye fomu ya bei za soko, jaza kwa uangalifu pale panapouliza kama wewe ni mtu binafsi au wa kitaalamu. Mtu binafsi hulipa dola chache; wa kitaalamu hulipa zaidi ya dola 100 kwa mwezi kwa kila soko, na watu hutia alama mahali pabaya kwa kutosoma.

Halafu, na hili naomba ulisome mara mbili, angalia nani atazishika hela zako. Akaunti ya fyucha Marekani haina ile kinga ya SIPC, ya kumlinda mteja dalali akifilisika, iliyopo kwenye akaunti za hisa. Sheria inamtaka dalali atenge hela za wateja na zake, na wengi wanatenga, lakini mwaka 2011 kampuni ya udalali ya MF Global ilianguka na hela za wateja zikakutwa pungufu kwa zaidi ya dola bilioni moja. Zilirudi hatimaye, baada ya miaka ya kusubiri. Mwaka uliofuata ikawa dalali mwingine, Peregrine ya Iowa, ambako mwenye kampuni alikuwa akighushi taarifa za benki kwa karibu miaka 20. Alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Kwa hiyo ingia kwenye daftari la NFA liitwalo BASIC, ni bure, andika jina la dalali, uone kama amesajiliwa, amewahi kuadhibiwa kwa nini, na kama anazishika hela mwenyewe au anampelekea mwingine. Kama jina halimo, funga ukurasa hata kamisheni ikiwa sifuri.

Kodi isikusumbue. Fomu ya 1099-B ya fyucha, ambayo dalali hukutumia, hukupa jumla moja ya mwaka, na kamisheni na ada za oda huwa zimeshatolewa humo. Hutatozwa kwa 870. Jumla hiyo unaihamishia kwenye fomu ya kodi 6781, ambako asilimia 60 huhesabiwa kama faida au hasara ya muda mrefu na 40 ya muda mfupi, hata kama ulikaa na mkataba dakika mbili.

Mkeo umwambie hivi, kwa namba: saa ya kwanza ya Jumanne ile iliingiza dola 76.60, na saa moja na nusu iliyofuata ikala dola 61.96. Yeye aliiona kabla yetu sote.

Wiki mbili zijazo funga kompyuta saa tatu na nusu, kila siku, hata kama soko linakuita. Kisha nitumie orodha ya zile siku 20 za mwezi uliopita pamoja na hizi mpya. Nahitaji safu tatu tu: saa uliyoingia, ulichopata kabla ya makato, na kilichobaki baada yake. Nitazisoma, na ile hela ya bati ya mama tutaizungumza hapo.

Shangazi yako